Mashine ya presha ya shilingi 3,800: nzuri, ila mkanda wa ndani ya boksi si wa mama

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila anayeiona mezani kwetu: shilingi 3,800, duka la dawa la hapa Langoni, Lamu, pamoja na betri nne na kifuko cha zipu. Ni mashine ya kupimia presha nyumbani, ya kufungwa mkononi juu ya kiwiko. Ina kitufe kimoja kikubwa cha kuwashia, kingine kidogo cha kumbukumbu, na kioo chenye tarakimu kubwa kiasi kwamba mama, mwenye mtoto wa jicho upande mmoja, huzisoma bila kuuliza mtu. Jina la kampuni silitaji. Lawama niliyo nayo inazihusu kampuni nyingi, na sioni haki moja ibebeshwe mzigo wa wenzake.

Mwenye duka ni kijana muungwana. Aliniacha nifungue boksi, nivae mkanda, nijipime pale pale kwenye kiti chake kabla sijatoa hata shilingi. Nilipomwuliza kama mashine imehakikiwa usahihi wake, alinigeuzia boksi akanionyesha alama za vibali. Hapo ndipo wanunuzi wengi huridhika wakatoa pesa. Kibali cha kuuzwa kinasema kifaa hakitakupiga shoti. Hakisemi namba zake ni za kweli. Uhakiki wa usahihi ni kazi nyingine. Mashine hulinganishwa na watu wawili waliofunzwa, wanaosikiliza mshipa kwa stethoskopu bila mmoja kuona alichoandika mwenzake, na kwa kanuni ya kimataifa ya 2018 sharti wapimwe watu wasiopungua 85, wenye mikono ya unene mbalimbali na presha za juu, za kati na za chini. Orodha ya mashine zilizofaulu iko bure mtandaoni, shirika la STRIDE BP linaitunza. Unaandika modeli iliyochapwa chini ya mashine, jibu linatoka. Nilitafuta kwa simu nikiwa bado nimekaa dukani. Hii imo. Ile iliyokuwa kando yake rafuni, nafuu kwa elfu nzima na yenye sauti ya kike ya kukusomea majibu, haimo. Kijana wa watu alinong'ona kwamba hiyo ndiyo inayouzika zaidi.

Nilifundisha bayolojia sekondari mpaka nikastaafu, kwa hiyo mniwie radhi nikisimama ubaoni kidogo. Wengi wakiona mkanda unajaa hewa hudhani mashine inasikiliza mapigo anavyosikiliza sista. Kusikiliza ni njia ya Korotkov, daktari wa Urusi, ya mwaka 1905, aliyoijenga juu ya mkanda wa Mwitaliano Riva-Rocci wa 1896. Mashine hizi za betri hazina sikio. Zinahisi mtikisiko wa mshipa ndani ya hewa ya mkanda: mkanda ukilegea polepole mtikisiko unakua, unafika kilele, kisha unafifia. Kilele kile ndicho presha ya wastani. Namba ya juu na ya chini unazoziona kiooni zimekokotolewa kutokana na umbo la mtikisiko huo, kwa hesabu ambayo kila kampuni inaificha. Mashine mbili nzima kabisa zaweza kutofautiana kwenye mkono mmoja, na ndiyo sababu nakazania ile orodha. Mtu ambaye moyo wake unapiga bila mpangilio huivuruga hesabu hiyo. Kwake pimeni mara tatu mchukue wastani, na daktari aambiwe kuhusu mapigo yenyewe, kwa kuwa mapigo ya namna hiyo huweza kuleta kiharusi hata presha ikiwa shwari.

Sasa lawama. Mkanda uliomo ndani ya boksi ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mkono wa mama, katikati ya bega na kiwiko, ni sentimita 41. Mkanda ulishikana kwa ncha tu, mashine ikanguruma, ikatoa 171 kwa 94, na nyumba nzima ikaingia hofu. Dada yangu alikwisha kushika simu kutafuta boti ya kutuvusha. Mama mwenyewe alikuwa ametulia, akiuliza kama chai imechemka.

Mwaka 2023 Tammy Brady na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha jaribio la jambo hili hili. Watu wazima 195 walipimwa kwa mkanda unaowatosha, kisha kwa mkanda wa kawaida usiowatosha. Waliohitaji ule mkubwa kuliko yote, walipovishwa wa kawaida, namba yao ya juu ilipanda kwa karibu 20, na zote za uongo. Waliohitaji ule mkubwa wa kati walipanda kwa karibu 5. Wenye mikono myembamba mambo yalikuwa kinyume: ilishuka kwa karibu 4, maana yake mtu anaweza kuambiwa mzima kumbe yuko mpakani. Sababu yake haina miujiza. Mfuko mdogo wa hewa hauukabi mshipa sawasawa, kwa hiyo hewa inabidi iongezwe kupita kiasi ndipo damu izuiwe, na mashine inaiandika nyongeza ile kana kwamba ni presha ya mtu.

Mkanda mkubwa nikauagiza Mombasa, shilingi 1,400, ukaja kwa basi hadi Mokowe na kwa boti hadi gatini kwetu. Nikampima mama kwa mikanda yote miwili kwa kupokezana, akiwa ametulia: mkubwa ulitoa 152, mdogo ukatoa 169. Presha anayo, hilo halina ubishi. Lakini mtu wa 152 na mtu wa 169 hawaandikiwi dawa sawa, na dawa ya ziada kwa mama wa miaka sabini na kitu si jambo la kuchezea. Kampuni inayouza mashine moja kwa mkanda mmoja kwa watu wote inajua mikono ya watu ilivyo. Ukubwa umeandikwa kwa herufi ndogo ukutani mwa boksi. Wangeweza kumwachia mnunuzi achague dukani, kama anavyochagua viatu. Haya ndiyo malalamiko yangu makubwa, na kwayo nimeikata nyota.

Habari za mashine zilienea mtaani kabla ya magharibi. Watu wakawa wanakuja wakitoka sokoni, wengine hawajawahi kufungwa mkanda huo maishani. Sikushangaa: katika utafiti wa kitaifa wa 2015, zaidi ya nusu ya watu wazima wa Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa presha, na karibu mmoja kati ya wanne alikuwa nayo. Kilichonishinda ni namna ya kukaa. Wanakaa barazani miguu ikining'inia, mgongo hauna egemeo, mkono juu ya paja, na mdomo haufungi. Ami yangu, nahodha mstaafu, hunyoosha mkono hewani kama anayengoja kurushiwa kamba ya jahazi.

"Ami, nyamaa kidogo, mashine yapima."

"Ninyamae, kwani kuna maiti?"

Ikatoa 158. Akanitazama: "I yuu?" Nikamwambia sijui, na kweli sikujua, kwa sababu kipimo cha namna ile hakisemi kitu. Chuo kile kile cha Johns Hopkins kilitoa jaribio jingine mwaka 2024, la watu 133, kuhusu mkono tu. Ukilinganisha na mkono uliolazwa mezani usawa wa moyo, mkono ulio juu ya mapaja uliipandisha namba ya juu kwa karibu 4, na mkono ulioachwa uning'inie ubavuni kwa zaidi ya 6. Ongeza mazungumzo, ongeza kibofu kilichojaa, ongeza ngazi alizotoka kupanda, na umeshampa mtu ugonjwa.

Kwa hiyo sasa ami hapimwi barazani. Anaingia sebuleni, anaketi kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili chini, mkono mezani juu ya mto, anakaa kimya dakika tano. Kahawa iwe imepita angalau nusu saa, na hili ndilo sharti gumu kuliko yote kwa mwanamume wa Lamu, maana muuza kahawa anapita na dele lake kila baada ya swala. Baada ya hapo anapimwa mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi na jioni, wiki nzima. Za siku ya kwanza tunazitupa, zilizobaki tunachukua wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, mpaka ni 135 kwa 85, chini kidogo ya ule 140 kwa 90 uliozoeleka kliniki. Wastani wa ami ulikuwa 139 kwa 80. Imepanda kidogo, tumempeleka akaonwe, lakini si ile 158 ya barazani.

Kijitabu kilichokuja na mashine kina michoro ya haya yote, ila maneno ni ya Kiingereza na Kichina, herufi za kusomwa na mwenye macho ya miaka ishirini. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwenye karatasi nikaibandika juu ya meza.

Mtu atauliza, tofauti ya namba kumi ina uzito gani hata mwalimu atoe povu? Jibu langu ni SPRINT. Hilo ni jaribio la Marekani la watu 9,361 waliokuwa na presha na hatari ya ugonjwa wa moyo, wasiokuwa na kisukari wala kiharusi cha zamani. Nusu yao walitibiwa namba ya juu ishuke chini ya 140, nusu chini ya 120. Mwaka 2015 likasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa kundi la 120 lilikuwa limepunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa robo, na vifo kwa kiasi hicho hicho hivi. Tangu hapo kila mahali unasikia 120, 120. Kisichosemwa ni jinsi ile 120 ilivyopimwa: kwa mashine ya kujiendesha yenyewe, mtu ameketi, amepumzika dakika tano, wakachukua wastani wa vipimo vitatu. Hiyo si 120 ya mtu aliyepenya vichochoro akipishana na punda, akasimama foleni, akafungwa mkanda juu ya mkono wa buibui huku akiulizwa jina na umri. Katika kliniki moja niliyompeleka mama ndivyo alivyopimwa, na waliotupima walikuwa wakarimu. Foleni tu ndiyo ilikuwa imewazidi. Ukiifukuzia namba ya SPRINT kwa kipimo cha foleni, utammezesha mtu vidonge mpaka aanguke.

Na kuanguka kwetu si maneno. Nyumba yetu ni ya mawe, ngazi zake ni nyembamba na kila kidato kimepishana urefu na mwenzake. Kundi la 120 katika SPRINT lilipata zaidi kushuka kwa presha kupita kiasi, kuzirai na figo kuzidiwa. Mama pia ana sukari, naye asingeingizwa katika jaribio lile. Kwa watu wa aina yake jibu lilikuja Novemba 2024 kutoka China, BPROAD, wagonjwa wa kisukari 12,821: walioshushwa chini ya 120 walipungukiwa na mshtuko wa moyo, kiharusi na mengineyo kwa karibu asilimia 21, nao pia wakalipia kwa presha kushuka mno na potasiamu kupanda. Nimelichapisha jedwali la vipimo vyake vya nyumbani nikampelekea daktari. Akalisoma lote, akasema tushuke taratibu hadi 130 kwanza tuone anavyosimama asubuhi. Hilo nimelipenda kuliko kuandikiwa tu.

Dawa yenyewe ni amlodipine na kidonge cha kukojoza. Jirani yetu aliitilia shaka, akidai za ghali ndizo zinazofanya kazi. Kuna jaribio liitwalo CREOLE, la 2019, lililofanywa Afrika kwa Waafrika 728 wa nchi sita, Kenya ikiwemo. Walilinganisha jozi tatu za dawa kwa mashine inayovaliwa saa 24. Jozi mbili zenye amlodipine zilishusha vizuri kuliko jozi isiyokuwa nayo. Ni kidonge cha zamani na cha bei nafuu. Ubaya wake huvimbisha miguu; mama anavua makubadhi jioni alama ya ukanda imebaki, na hilo tumeliandika pembeni ya jedwali.

Ramadhani nayo ina swali lake la kila mwaka, kidonge kiliwe daku au futari. Kulikuwa na utafiti wa Hispania uliodai dawa za usiku zinaokoa watu kwa wingi wa kustaajabisha. Uingereza wakalipima kwa watu 21,104 katika jaribio la TIME, matokeo yakatoka 2022: asubuhi au usiku, hakuna tofauti ya maana kwa mshtuko wa moyo, kiharusi wala kifo. Mwenye kidonge kimoja kwa siku atazame saa ambayo hatasahau, amwulize daktari wake kama ni cha kukojoza, kwa sababu hicho na saumu ya jua kali havipatani.

Upande wa chumvi sitakaa sana. Wachina walijaribu katika vijiji 600, watu 20,995, kubadilisha robo ya chumvi ya kawaida kwa chumvi ya potasiamu. 2021 wakatangaza viharusi vimepungua kwa asilimia 14 na vifo kwa 12, na Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likaikubali chumvi hiyo jikoni. Mwenye figo mbovu asiiguse bila daktari. Lakini kule vijijini chumvi nyingi huingia kwa kijiko cha mpishi. Hapa kwetu inaingia na ng'onda, na papa, na achari ya maembe, ambayo hakuna wa kuibadilisha. Mama amekubali kuloweka papa na kumwaga maji mara mbili. Achari hajakubali.

Yaliyobaki ya mashine kwa haraka. Kumbukumbu inashika vipimo 60 vya watu wawili, ila kitufe cha kubadili mtu ni kidogo na mama humwandikia ami presha yake. Programu ya simu nimeifuta, inataka barua pepe, eneo nilipo na tarehe ya kuzaliwa ili inionyeshe mchoro ambao daftari linaonyesha. Ile alama ya moyo unaopiga ovyo huwaka hata mtu akikohoa, msiikimbilie hospitali kwa mara moja. Betri zinadumu, umeme ukikatika haikuhusu. Adui yake mkubwa ni hewa ya chumvi: vibati vya betri vilianza kufanya kutu ya kijani, nikavisugua na sasa natoa betri kila baada ya kupima wiki, mashine inakaa kwenye kopo lenye mfuniko. Zile za kifundo cha mkono, ambazo vijana huzileta kutoka Malindi kama zawadi, sizipendekezi kwa wazee. Kifundo kikishuka chini ya moyo kidogo tu namba inapanda, na hakuna mzee atakayekishika pale pale kifuani kwa dakika nzima.

Nyota nne. Mwenye duka nimemwambia habari za mikanda akasema hawezi kuweka stoku ya kitu asichojua nani atakinunua. Nimempa futi ya fundi cherehani akaifunga kwenye kaunta. Ukienda, jipime kabla ya kulipa, mkono umeulegeza, katikati ya mfupa wa bega na kiwiko: ukizidi sentimita 32, mwambie aandike jina lako kwenye orodha ya mkanda mkubwa, maana akifikisha watu kumi anaagiza.